Upepo Una Namba, Maji Hayana

Mwaka 2019 Msumbiji ilipigwa na vimbunga viwili katika muda wa wiki sita. Cha kwanza, Idai, kilitua Beira usiku wa kuamkia Machi 15. Cha pili, Kenneth, kilitua Cabo Delgado, jirani kabisa na ndugu zetu wa Mtwara, Aprili 25. Kwa mizani ya upepo, Kenneth ndicho mkubwa: kilitajwa kuwa na upepo mkali kuliko kimbunga chochote kilichowahi kurekodiwa kutua katika nchi ile. Kwa mizani ya makaburi, mambo yanageuka. Kenneth kiliua watu wapatao 45 Msumbiji. Idai kiliua zaidi ya 600 huko huko Msumbiji, na ukijumlisha Zimbabwe na Malawi hesabu inapita 1,000.

Najua hoja itakayoletwa hapa, na ni hoja ya haki. Beira ni mji mkubwa wa bandari, na Kenneth kilipita kwenye vijiji vilivyotawanyika. Lakini tazama Idai kiliua vipi. Mito ya Buzi na Pungwe ilifurika ikakutana, bonde zima likageuka ziwa lililoonekana kwenye picha za setilaiti, na watu wakakaa juu ya miti na mapaa wakisubiri mashua na helikopta. Chimanimani, kule milimani Zimbabwe, ni kiasi cha kilomita 200 kutoka Beira. Idai kilipofika huko kilikuwa kimeshapungua sana. Ukikipima kwa upepo, hakikustahili tena kuitwa kimbunga. Mvua yake ndiyo iliyoporomosha mawe na udongo juu ya Ngangu na kufagia makazi ya Kopa usiku, watu wakiwa wamelala.

Mimi nimefanya kazi ya kupima hali ya hewa katika vituo vya pwani hadi nilipostaafu, na sasa naishi Kilwa Masoko. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, mwanzoni mwa Mei 2024, vijana wa mashua walipita barazani kwangu kutwa nzima. "Shikamoo bibi. Eti hiki ni namba ngapi?" Walikuwa wamesikia redioni na kuona kwenye simu kwamba vimbunga hupangwa kwa namba, moja hadi tano, nao walitaka namba hiyo ili waamue wazipandishe mashua juu au waziache majini, wabaki au wahame. Ninayoandika leo ni jibu refu la swali lao. Namba ile inapima upepo peke yake. Haisemi lolote kuhusu maji, na katika pwani yetu maji ndiyo muuaji. Nawaomba wanaotuandikia tahadhari, wanaozisoma redioni na wanaozichapa magazetini waache kuitanguliza.

Namba zenyewe zilitoka kwa mhandisi. Herbert Saffir alikuwa mhandisi wa majengo huko Florida, Marekani, na mwaka 1969 alikuwa akifanya kazi ya Umoja wa Mataifa kuhusu nyumba za gharama nafuu katika nchi zinazopigwa na vimbunga. Alihitaji njia rahisi ya kueleza upepo wa kasi fulani utaifanya nini nyumba ya aina fulani. Akagawa vimbunga katika viwango vitano. Robert Simpson, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha taifa cha vimbunga cha Marekani, akaongeza kwenye kila kiwango makadirio ya bahari itapanda kiasi gani, na katika miaka ya 1970 viwango hivyo vikaanza kutangaziwa wananchi. Kiwango cha 1 kinaanzia upepo wa kilomita 119 kwa saa. Cha 3 kinaanzia 178. Cha 5 ni 252 na kuendelea, hakina kikomo juu.

Kasi hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Nguvu ambayo upepo unausukumia ukuta haiendi sambamba na kasi yake. Kasi ikiwa maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 240 unalipiga bati mara nne ya ule wa 120. Kwa fundi wa nyumba hiyo ni habari ya thamani kubwa sana, maana inamwambia kenchi zifungwe vipi ukutani, misumari iwe mingapi, na nyumba ipi isikaliwe kabisa usiku huo. Saffir alifanya kazi njema na namheshimu. Aliuliza swali la nyumba akapata jibu la nyumba. Sisi ndio tuliolichukua jibu lile tukaliuliza maswali ya bonde, ya mto na ya bahari.

Wamarekani wenyewe walilipia kosa hilo kwa roho za watu. Agosti 2005, kimbunga Katrina kilifika kiwango cha 5 katikati ya Ghuba ya Mexico, kikashuka hadi cha 3 kabla ya kutua. Katika pwani ya Mississippi, kwenye miji kama Pass Christian, walikuwapo watu walionusurika kimbunga Camille cha mwaka 1969, ambacho kilitua kikiwa cha kiwango cha 5. Hesabu yao inaeleweka: nyumba hii ilistahimili tano, itashindwaje na tatu? Wakabaki. Bahari ikapanda kiasi cha mita 8.5 kwenye pwani ile, juu kuliko ilivyopanda wakati wa Camille. Katrina kilikuwa kipana mno, kilikuwa kimeshayasukuma maji mengi kabla upepo wake haujapungua, na bahari mahali pale ina kina kifupi kwa umbali mrefu, kwa hiyo maji yalipofika hayakuwa na njia nyingine ila kupanda nchi kavu. Upana wa kimbunga, kina cha bahari, umbo la pwani, mwendo wa kimbunga, wa kasi au wa kusuasua: hakuna hata kimoja kinachoonekana ndani ya ile namba.

Mwaka 2010 wakayaondoa rasmi makadirio ya bahari kwenye viwango vile, vikabaki kuwa vya upepo tu, na tangu 2017 wanatoa tahadhari ya bahari kupanda ikiwa peke yake, na ramani yake. Ipo hesabu ambayo kila mhariri angepaswa kuibandika ukutani: kati ya watu waliouawa moja kwa moja na vimbunga vya Atlantiki nchini Marekani kuanzia 1963 hadi 2012, karibu tisa katika kila kumi waliuawa na maji. Karibu nusu ya wote ni bahari kupanda. Waliobaki wengi wao ni mvua na mito. Upepo, ambao ndio wenye namba, uliua chini ya mmoja katika kumi.

Watu wengi wanadhani namba hiyo angalau hutoka kwenye chombo kilichokuwa katikati ya dhoruba. Ni mara chache sana. Kipimaupepo cha kawaida ni vikombe vitatu vinavyozunguka juu ya mlingoti wa mita 10, na kimbunga kikubwa huung'oa mlingoti huo au hukata umeme wake kabla jicho halijafika. Ndiyo maana rekodi ya dunia ya upepo uliosomwa na kipimaupepo ni ya bahati: Aprili 10, 1996, kwenye kisiwa cha Barrow, Australia, kimbunga Olivia kilipitia mahali penye chombo kilichostahimili, kikaandika upepo wa ghafla wa kilomita 408 kwa saa. Wamarekani huvirushia vimbunga vyao ndege. Ndege inaingia hadi kwenye jicho, inadondosha mrija mwepesi wenye parachuti ndogo, na mrija huo unatuma kwa redio mgandamizo wa hewa, joto, unyevu na upepo njia nzima mpaka unapotumbukia baharini.

Kwenye bahari yetu hatuna ndege hizo. Hapa kimbunga hukadiriwa kwa kutazama picha za setilaiti, kwa njia aliyoiasisi Mmarekani Vernon Dvorak katika miaka ya 1970. Mtaalamu anaangalia mawingu yamejikunja kiasi gani, jicho limefunguka au halijafunguka, vilele vya mawingu vilivyolizunguka ni vya baridi kiasi gani, kisha anakipa kimbunga alama kati ya 1 na 8, na alama hiyo inabadilishwa kuwa kasi ya upepo. Ni kazi ya ustadi na imeokoa watu wengi. Lakini mwananchi anapaswa kujua kwamba kasi anayotangaziwa, mara nyingi, imesomwa kwenye picha ya mawingu.

Na wasomaji wa picha hiyo hawako ofisi moja. Kituo cha kanda yetu ya bahari kiko kisiwa cha Réunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Wao hawatumii moja hadi tano. Wanaanza na mgandamizo mdogo, wanapanda hadi dhoruba ya wastani, kisha dhoruba kali, kisha kimbunga kuanzia kilomita 118 kwa saa, kimbunga kikali kuanzia 166, na kimbunga kikali sana kinapopita 212. Wanahesabu wastani wa upepo wa dakika 10. Wamarekani, ambao nao hukitazama kimbunga hicho hicho, wanahesabu wastani wa dakika 1, na wastani wa muda mfupi huwa juu kidogo. Kwa hiyo kimbunga kimoja, saa ile ile, kinaweza kupewa kasi mbili tofauti na zote mbili zikawa sahihi. Kwenye makundi ya simu hushinda ile kubwa, na kesho yake watu wanagombana kwamba nani alidanganya. Hakudanganya mtu. Ugomvi mzima ni wa dakika 1 na dakika 10, na wakati huo hakuna aliyeuliza mto uko wapi.

Tonado nayo ina habari yake, na kwangu ndiyo inayofundisha zaidi. Tonado ni nguzo ya upepo inayoshuka kutoka kwenye wingu la radi mpaka ardhini, nyembamba ukiilinganisha na kimbunga cha baharini, na mara nyingi hudumu dakika chache tu. Huwezi kuiwekea mlingoti, maana hujui itapita wapi. Mtu aliyepata njia ya kuipa kiwango ni Mjapani, Tetsuya Fujita. Mwaka 1945 alikuwa mwalimu kijana katika chuo karibu na Kokura, mji uliokuwa umelengwa kwa bomu la pili la atomiki. Mawingu na moshi viliufunika, bomu likaenda Nagasaki. Wiki chache baadaye alitumwa Nagasaki na Hiroshima kuchunguza. Makaburini Nagasaki alikuta vipande vya mianzi vilivyotumika kama vyombo vya maua, vimeungua upande mmoja. Kwa kupima pembe ya kuungua kwa kila kipande aliweza kukokotoa bomu lililipuka juu kiasi gani kutoka ardhini. Baadaye akahamia Chuo Kikuu cha Chicago, na kwa jicho lile lile, la mtu anayesoma kilichotokea kutokana na kilichobaki, mwaka 1971 akapendekeza viwango vya tonado: F0 hadi F5.

Maana yake ni kwamba tonado haipewi kiwango inapopita. Hupewa baadaye, wachunguzi wakitembea kwenye vifusi. Ni sawa na kukadiria uzito wa lori kwa kuangalia alama za matairi kwenye tope. Tangu Februari 2007 Marekani inatumia viwango vilivyoboreshwa, EF0 hadi EF5, vyenye orodha ya aina 28 za vitu vya kuangalia, kuanzia nyumba za mbao na shule hadi nguzo za umeme na miti. Ukuta ukianguka, kasi inakadiriwa hivi. Nyumba ikifagiwa yote kwenye msingi na msingi huo ulikuwa umefungwa vizuri kwa bolti, inakadiriwa vile. EF5 ni zaidi ya kilomita 322 kwa saa.

Mei 31, 2013, karibu na mji wa El Reno, Oklahoma, tonado yenye upana wa kilomita 4.2 ilipita kwenye mashamba. Rada iliyobebwa kwenye gari ilisoma upepo unaozidi kilomita 480 kwa saa. Kwa kasi ile ingekuwa EF5 bila ubishi. Lakini kwenye mashamba hayo kulikuwa na vitu vichache vya kubomoka, na sheria ya viwango inahukumu kwa uharibifu, kwa hiyo ikabaki EF3. Iliwaua Tim Samaras, mtafiti aliyeheshimiwa kwa uangalifu wake, mwanawe Paul, na mwenzao Carl Young. Watu wa fani hii wameijadili hukumu hiyo kwa miaka mingi, EF3 au EF5, na mjadala wao una maana kwa sayansi.

Mimi nasimama kwenye jambo jingine la usiku ule ule. Dhoruba iliyozaa tonado ile iliendelea hadi Oklahoma City na kumwaga mvua kubwa juu ya mji. Walikuwapo watu waliojificha kwenye mitaro na makalvati ili wasalimike na upepo. Maji yakawakuta humo. Mafuriko ya usiku ule yaliua zaidi ya watu 10, wengi kuliko waliouawa na tonado yenyewe. Watu hao walisikiliza tahadhari na wakachukua hatua. Walikimbia hatari iliyokuwa na jina na namba, wakaingia kwenye ile isiyokuwa nayo. Nikifikiria vijana wanaouliza namba ngapi, nawafikiria na hao wa kwenye makalvati.

Sasa nije kwetu. Kuna watu wazima, tena wenye madaraka, wanaoamini kwamba pwani yetu haipigwi. Kwa kiasi fulani wana haki. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuyakunja mawingu yawe gurudumu, ndiyo maana Mombasa na Lamu wana amani kuliko Mtwara. Lakini Unguja ilipigwa Aprili 15, 1872. Mikarafuu iling'olewa mashamba kwa mashamba na meli za Sultani Barghash zikaharibiwa bandarini, na kwa kuwa Pemba iliponea, uzito wa kilimo cha karafuu ukahamia kule mpaka leo. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Vinakuja mara chache, na huja mwishoni mwa msimu, masika yakiwa yameshakolea. Hapo ndipo hatari yetu ilipo. Sisi hukipokea kimbunga juu ya ardhi iliyokwisha kunywa maji ya kutosha.

Hidaya kilikuja hivyo hasa. Mwezi Aprili 2024 ulikuwa wa mafuriko Tanzania na Kenya. Aprili 25 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wameshakufa nchini kwa mvua za msimu ule, na siku nne baadaye maji yaliua watu wengi Mai Mahiu, Kenya. Kote huko hakukuwa na kimbunga, wala namba. Hidaya kikafikia hadhi ya kimbunga kamili baharini, kikaanza kudhoofika, na Mei 4 kikafika Mafia. Vivuko vya Zanzibar vilikuwa vimesimama, na wavuvi wengi wa kwetu, nashukuru, walikuwa wamepandisha vyombo. Usiku ikatangazwa kwamba kimbunga kimepoteza nguvu, na kwa upepo hilo lilikuwa kweli. Asubuhi watu walivuta pumzi. Kisha zikaja habari za Somanga: barabara ya Dar es Salaam na Lindi imekatika, madaraja yameondoka, mabasi na malori yamepanga foleni pande zote mbili. Kusini ikatengwa kwa siku kadhaa. Maji yaliyofanya hayo yalitoka mvua iliyonyesha kwenye nchi ya ndani na Milima ya Matumbi, yakashuka kwa saa zake yenyewe, wala hayakuwa na habari kama upepo umepungua.

Malawi wanayajua haya kwa uchungu mkubwa kuliko sisi. Machi 2023 kimbunga Freddy, baada ya kuvuka Bahari ya Hindi nzima na kutua Msumbiji mara mbili, kilikuwa kimechoka kwa upepo kilipoifikia Blantyre. Mvua yake iliporomosha vilima juu ya mitaa na kuua mamia ya watu, katika nchi isiyo na pwani ya bahari.

Kuna jambo moja la Hidaya ambalo sikulisoma popote wakati ule. Mwezi mpya ulikuwa wa Mei 8. Kimbunga kilifika siku nne kabla, maji yakiwa mafu, bahari haijaanza kukua. Kila mtoto wa pwani anajua tofauti ya maji mafu na bamvua. Bahari ikiwa imejaa kwa bamvua, kisha upepo ukaisukuma, maji yale yale yangefika majumbani, na wangezolewa watu ambao namba haikuwatisha hata kidogo. Idai nacho kiliikuta Beira siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, katika bandari ambayo kujaa na kupwa hutofautiana kwa zaidi ya mita 6 wakati wa bamvua. Kingechelewa wiki moja tu, sitaki hata kukisia. Kalenda ya mwezi ipo ukutani kwenye kila msikiti na kila duka la vyakula. Tahadhari ya kimbunga isiyosema bahari itajaa saa ngapi siku ya kutua imeacha nje jambo ambalo nahodha angelielewa haraka kuliko yote.

Maji yanapimika, tena kwa chombo rahisi kuliko vyote vya kituoni. Kipimamvua ni mtungi wa chuma uliochimbiwa ardhini, mdomo wake wa duara wa inchi 5, faneli ndani, chupa chini yake. Saa tatu asubuhi mwangalizi anaitoa chupa, anamimina kwenye gilasi nyembamba yenye alama, anaishika wima kati ya vidole viwili, anashusha jicho mpaka usawa wa maji, na anasoma pale chini, kwenye tumbo la mkunjo, siyo kwenye kingo zinazopanda kioo. Milimita 1 ni lita 1 kwenye kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 100 kwa usiku mmoja ni lita milioni 100 kwenye kila kilomita ya mraba ya mlima, sawa na maboza 10,000 yenye lita 10,000 kila moja. Hesabu hiyo anaiweza mwanafunzi wa darasa la sita. Ikitangazwa kwa sura hiyo, mtu anayelala bondeni ataelewa kinachomjia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa imeshapiga hatua njema. Taarifa zake zina rangi, zina angalizo na tahadhari, na zinataja athari zinazotarajiwa, mvua ikiwemo. Shida inaanza taarifa inapotoka pale kuja kwetu. Mhariri anatafuta kichwa cha habari, anaokota kasi ya upepo. Mtangazaji ana sekunde 30, anasoma kasi na jina. Ujumbe unaofika kwa mwenyekiti wa kitongoji ni kwamba kuna kimbunga namba fulani, na ujumbe wa pili ni kwamba kimekwisha.

Ninachotaka kinawezekana kwa vyombo tulivyo navyo. Kichwa cha habari kianze na maji: mvua milimita ngapi, kwa saa ngapi, mito ipi kwa majina yake, bahari itajaa saa ngapi na ni bamvua au maji mafu. Upepo ufuate, na uelezwe kwa kazi yake: mapaa ya makuti, miti ya minazi karibu na nyumba, mashua. Namba ikihitajika sana iwekwe mwisho, na isemwe wazi kuwa ni ya upepo. Kwenye madaraja ya njia ya kusini, kuanzia Somanga hadi Matandu na Mavuji, zisimamishwe nguzo zilizopakwa rangi kwa kila nusu mita, na kijiji kilicho juu ya mto kipewe namba ya simu ya kijiji kilicho chini. Mtu mmoja anayeangalia nguzo Njinjo anaweza kuwapa watu wa Kivinje saa kadhaa za kuhama, na hahitaji setilaiti. Kamati za maafa za kata zipo kisheria; hii ndiyo kazi yao, na gharama yake ni saruji, mbao na rangi.

Na tahadhari ya maji ifutwe peke yake. Siku ya upepo kutangazwa umekwisha, redio iseme kwenye sentensi hiyo hiyo mto upi bado unapanda, watu wasivuke wapi, na taarifa inayofuata ya mto huo itasomwa saa ngapi. Iendelee kusomwa mpaka nguzo ioneshe maji yameshuka, hata kama kimbunga kilichoyaleta kimeshasahauliwa jina.